Shukrani zisiishie madhabahuni

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jinsi sisi Wakristo tunavyoziishi shukrani zetu ibada inapokwisha. Hakuna anayebisha kwamba tumeagizwa kushukuru. Mtume Paulo aliwaandikia Wathesalonike, "shukuruni kwa kila jambo", na wengi wetu tumelikariri agizo hilo tangu utotoni. Ninachokitilia shaka ni mazoea ya kuichukulia shukrani kuwa jambo la mtu na Mungu wake tu, kana kwamba baraka hutufikia bila kupitia mkononi mwa mtu yeyote.

Tazama mezani. Baba wa nyumba anafumba macho na kumshukuru Mungu kwa chakula, kwa maneno mazuri kabisa, huku msichana aliyekipika akiwa amesimama kwenye mlango wa jiko, akingoja sala iishe ili arudi kwenye vyombo. Mshahara wake wa mwezi uliopita hajalipwa, na katika sala yote ile ndefu hakutajwa. Torati haikuliacha jambo hili hivi hivi: Mambo ya Walawi 19:13 inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Kitabu hicho hicho, katika sura ya 7, kinaagiza nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ile ile inapotolewa. Nionavyo mimi, aliyechinja ng'ombe mzima hakuwa na namna ya kulitimiza sharti hilo ila kuwaita wengine waje wale pamoja naye.

Ipo pia shukrani inayowaumiza wanaoisikia. Yule Farisayo wa Luka 18 alianza vizuri, "Ee Mungu, nakushukuru", kisha akaendelea kujilinganisha na mtoza ushuru aliyekuwa hekaluni pamoja naye. Shuhuda za namna hiyo tunazo hata leo: mzazi anasimama kueleza kwamba mwanawe amefaulu kwa sababu nyumba yao ni ya maombi, ilhali kwenye benchi la nyuma ameketi mama mwenye bidii ya maombi kuliko yeye, ambaye mwanawe amefeli.

Sisemi shuhuda zikomeshwe. Msamaria aliyeponywa ukoma alirudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, na Bwana hakumnyamazisha. Aliuliza wale tisa walioponywa pamoja naye wako wapi.

Ombi langu kwa viongozi wa ibada ni dogo. Mtu anayeleta shukrani, kabla hajapewa kipaza sauti, aulizwe Mungu alimtumia nani kumsaidia, awe muuguzi, mwalimu au jirani aliyebaki na watoto, na kama amekwisha kwenda kumshukuru mtu huyo. Akiwa ni mwajiri, aulizwe vilevile kama watu wake wamelipwa.

Wako katika Kristo,
Msomaji