Malalamiko kuhusu safari ya baiskeli iliyouzwa kama ya starehe

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SAFARI YA BAISKELI YA SIKU 3 KWA "MWENDO WA KUTAZAMA"

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyesafiri na msafara wenu kwa siku 3. Nimesubiri wiki nzima kabla ya kushika kalamu, ili magoti yapoe kwanza na hasira ifuate.

Kipeperushi chenu kiliahidi vilima vya upole, kilomita 50 na kitu kwa siku, na "mwendo wa kutazama". Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo niliyoyalipia. Mtu anayetaka kushindana ana klabu za mashindano. Mimi nilitaka njia za mashambani, nisimame nikiona kitu, niulize, ninywe maji, niendelee.

Siku ya kwanza haina ubaya wa kuandikiwa barua. Njia ilifuata mto, upepo ulitusukuma mgongoni, na fundi wenu alinirekebishia kiti bila kuombwa mara mbili. Alikipandisha mpaka goti likabaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa, na maumivu niliyoanza nayo asubuhi yakaisha. Mpeni salamu zangu. Yote nitakayosema kuanzia hapa hayamhusu.

Siku ya pili mliandika kilomita 54, na simu yangu ilirekodi kilomita 54. Hapo hamkudanganya. Mlichonyamazia ni kwamba ndani ya kilomita hizo kulikuwa na mita 1,120 za kupanda. Najua simu huzidisha vipimo vya mwinuko. Hata nikipunguza sehemu ya kumi, bado zinabaki mita 1,000. Na hazikuwa mlima mmoja. Mlima mmoja mrefu una huruma yake: unapanda, unafika, umemaliza. Hivi vilikuwa vilima vifupifupi, na kila ukifika kileleni njia inaporomoka hadi kijito cha chini, halafu inakudai mita zilezile upya. Unateremka kwa dakika 2, unapanda kwa dakika 15, na ile starehe ya kuteremka huimalizi kabla mguu haujaitwa kazini tena. Kwa hiyo kumwambia mteja idadi ya kilomita bila kumwambia jumla ya kupanda ni kama kumtajia urefu wa ngazi bila kusema imesimamishwa au imelazwa.

Ningestahimili hata hivyo, lau baiskeli ingekuwa ya kazi hiyo. Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, kwa hiyo mniwie radhi, hesabu nitaifanya. Gia nyepesi kuliko zote kwenye baiskeli mliyonipa ilikuwa na meno 38 mbele na 28 nyuma. Gurudumu likizunguka mara moja husogea kama mita 2.1, maana yake kila mzungusho wa pedali ulinisogeza karibu mita 2.85. Nikizungusha mara 60 kwa dakika, ambao tayari ni mwendo wa uzito, nakwenda zaidi ya kilomita 10 kwa saa. Mimi, baiskeli na mkoba tulikuwa kilo 100. Kwenye mwinuko wa asilimia 10, yaani kupanda mita 10 kwa kila mita 100, kasi hiyo inadai karibu wati 280 kutoka kwenye miguu. Wati 280 ni za mtu anayefanya mazoezi kila siku. Mtu wa makamo kama mimi, wati 100 kwa saa nzima ni kazi ya kutosha.

Na dawa yake si ngeni kwenu. Baiskeli yenye meno 26 mbele na 36 nyuma ingenisogeza mita 1 na nusu tu kwa kila mzungusho. Miguu ingezunguka vilevile mara 60, ningepanda polepole kwa kilomita 5 na nusu kwa saa, na mzigo ungeshuka hadi wati 150 hivi. Mwendo wa bata, lakini nikiwa juu ya kiti. Badala yake vilima vinne nilivipanda nikisukuma baiskeli kwa mikono. Mashine ya Karl von Drais ya mwaka 1817, babu wa baiskeli za leo, haikuwa na pedali wala mnyororo, mpandaji aliisukuma kwa kupiga miguu chini. Pale kwenye kilima cha tatu ningekubali tubadilishane.

Matairi nayo. Mlituambia njia ni za mashambani, nazo zilikuwa za mashambani kweli, changarawe tupu kwa zaidi ya theluthi ya safari. Tairi za milimita 25 ni za lami. Nilipata pancha mbili, na zote mbili tyubu ilikuwa na matundu mawili yaliyokaa pamoja, kama mtu aliyeumwa na nyoka. Fundi yeyote atawaambia hiyo si alama ya mwiba. Ni tyubu iliyobanwa kati ya jiwe na rimu kwa sababu tairi ni jembamba na upepo ulio ndani hautoshi.

Kuhusu breki nitasema machache, maana halina mjadala. Pedi za nyuma zilikuwa zimelika hadi mifereji yake imefutika, na mkono wa breki uligusa usukani kabla gurudumu halijasimama. Picha nimeambatisha. Nilimwonyesha kiongozi wa msafara kabla ya mteremko mkali, akaniambia nitumie ya mbele "kwa adabu".

Huyo kiongozi sasa. Sina ugomvi naye binafsi, ni kijana mchangamfu, ila alituongoza kama anayefukuzwa na kitu. Hakukuwa na mfunga msafara, yaani hakuna mtu wenu aliyekaa nyuma ya mteja wa mwisho. Aliye mbele alitangulia, akasimama kivulini na wenzake, wakapumzika dakika 10. Mimi na mama mmoja tuliokuwa mkiani tukitokeza tu, kiongozi anapiga kengele: "Wamefika, twendeni!" Wenye nguvu walipumzika mara sita siku ile. Tuliochoka hatukupumzika hata mara moja.

Nilipopiga simu ofisini kwenu, mhudumu alinijibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Wengine walikuwa kivulini.

Nimeacha mwisho jambo lililoniuma kuliko yote. Kipeperushi kilitaja vivutio vitano vya njiani, na picha ya ukurasa wa kwanza ni kile kinu cha zamani cha kusagia, kinachozungushwa na gurudumu la maji. Kwa ajili ya kinu hicho nilichagua safari yenu na si nyingine. Darasani nilichora magurudumu ya namna hiyo nisiyokumbuka mara ngapi, na kuwaeleza wanafunzi majaribio ya mhandisi Mwingereza John Smeaton, aliyeonyesha mwaka 1759 kwamba gurudumu linalomwagiwa maji kutoka juu hutoa kazi karibu maradufu ya lile linalosukumwa na maji yanayopita chini yake. Nilitaka kuona hili ni la aina gani. Nilitaka kusikia mawe yakisaga. Tulifika dakika 12 baada ya mlango kufungwa, kwa ratiba mliyoipanga wenyewe. Niliomba angalau tuzunguke nyuma, kwenye mfereji. Kiongozi akatazama saa akasema, "Mzee, ni kinu tu." Tukaondoka. Daraja la mawe tulilipita bila kusimama, na vile vingine sikuviona kabisa, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye gurudumu la mbele.

Naomba mnirudishie nusu ya ada niliyolipa. Siombi yote, kwa sababu siku ya kwanza niliifaidi, na ya tatu mvua ilitufungia ndani, ambayo si kosa lenu. Naomba pia kila siku ya safari iandikwe jumla yake ya kupanda na mwinuko wake mkali kuliko yote, pembeni ya kilomita, kwa herufi za ukubwa uleule. Breki zile zisipewe mtu mwingine kabla hazijabadilishwa. Kwa hilo sisubiri jibu, nimeshampigia fundi wenu mwenyewe.

Nimeambatisha rekodi ya njia kutoka kwenye simu, picha za pedi za breki na zile tyubu mbili. Nategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Mteja wa mwisho kwenye msafara.

Nyongeza: Pampu ndogo niliyoazimwa siku ya pancha ya pili bado iko kwangu. Nielekezeni pa kuikabidhi.