Yaya naye ni mfanyakazi, aandikiwe

Mhariri,

Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa mwaka 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 1987 fedha ikakatwa sifuri mbili, kwa hiyo ukipiga hesabu hata hizo zilibaki 60. Mswada mpya ulipita Bungeni mwaka 2019, Rais akakataa kuutia saini. Basi mshahara wa yaya, mpishi na askari wa geti unaendelea kupangwa kwa mdomo, sebuleni.

Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maandishi ndani ya wiki 12, yakitaja kazi, saa na mshahara. Kazi isizidi saa 48 kwa wiki, na siku moja ni ya mapumziko. Yaya anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto wa shule na kulala saa nne usiku, hata ukimtolea saa moja ya kupumzika, saa zake 48 zimetimia Jumatano usiku. Alhamisi anaanza kufanya bure.

Tangu 2022 NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi, inamhusu hata mwajiri mwenye mtu mmoja. Kwa mshahara wa 150,000, mfanyakazi anakatwa 7,500 na mwajiri anaongeza 15,000. Kodi ya mshahara haianzi kabla ya 235,000, hivyo waajiri wanaosingizia URA, mamlaka ya kodi, wanajisumbua.

Mambo huharibikia kwenye ushahidi. "Nakutunzia mshahara, utachukua Krismasi," yaya huambiwa. Krismasi ikikaribia, kijiko au simu inapotea, binti anasingiziwa na kutolewa na mkoba wake, mshahara wa miezi yote umekwenda. Alipwe kila mwezi kwa simu, ujumbe usifutwe. Akilipwa taslimu, daftari litiwe saini na wote wawili.

Kosa lingine ni yaya kuzungushwa ofisini kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji au mtaa, mpaka muda wa kulalamika unapita. Malalamiko ya kufukuzwa kazi isivyo haki yanapaswa kumfikia ofisa wa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Aliyefanya kazi mwaka mmoja hadi mitano ana haki ya notisi ya mwezi mzima, au mshahara wa mwezi huo.

Wizara inayohusika na kazi ichapishe fomu ya mkataba ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa lugha za wilaya, na kila LC1 awe nazo za kugawa bure.

Msomaji, Jinja