Mtoto si miguu tu

Shoga yangu Asya,

Asalaam alaykum warahmatullah. Voisi zako nimezisikiliza zote, ile ndefu katikati imepita honda ikakumeza lakini nimefahamu. Wifi yako kaja na mwanawe, mwanawe kakimbia ukumbi mzima mpaka jikoni, Is-haka wako kakaa kitako anasota zake kwa makalio, na toka siku hiyo hulali. Halafu mama mkwe ndo akamalizia, ati miguu ya mtoto mizito kwa sababu umemdekeza mikononi. Pole mwaya. Mie nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu hapa kuna mambo nataka uyasome pole pole akishalala, na mengine umsomee baba Is-haka, sio unipokee kwa "eee, eee" huku unakuna nazi.

Mwaka na mwezi mmoja na hatembei, huo si ugonjwa. WHO, shirika la afya la dunia, waliwafatilia watoto wazima wa nchi 5, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakatoa matokeo 2006, na kutembea peke yake bila kushikwa kumeanzia miezi 8 na kidogo kwa wa mwanzo kumekwenda mpaka miezi 17 na nusu kwa wa mwisho, na wote hao wazima, hawana kilema chochote. Oman ndo kwa ndugu zetu, nusu ya Wete ina mtu Maskati, kwa hivyo usiniambie hao ni watoto wa Kizungu. Na katika hao hao walikuwepo kama 4 katika kila 100 ambao hawakutambaa kwa magoti kabisa, wengine wakisota kama huyo wako, wengine wameinuka tu wakenda. Kwa hivyo kusota nako ni njia.

Tena kuwahi kutembea mara nyengine ni kufundishwa tu. Kenya huko kwa Wakipsigis, mtafiti mmoja anaitwa Charles Super alikwenda kukaa nao miaka ya 70, akakuta mama wanamfundisha mtoto kukaa na kutembea makusudi, kila siku anainuliwa anashikwa mikono, na watoto wao kweli wakiwatangulia wa Marekani kama mwezi hivi kwa kukaa na kutembea. Lakini kutambaa hawakuwatangulia, kwani nani aliwafundisha kutambaa? Mtoto anawahi pale mnapomsukuma. Huyo wa wifi yako ana kaka watatu wanaomkokota mchana kutwa, wako yuko peke yake na bibi yake anayeumwa magoti, sasa unalinganisha nini?

Mie ninachokuuliza ni mengine, hayo ambayo hakuna anayeyatizama kwa sababu hayakimbii ukumbini. Ukimwita jina anageuka? Akiona paka anakuonyesha kwa kidole halafu anakutizama wewe usoni kuona kama na wewe umemuona? Hilo la kidole ulinisimulia mwenyewe kwenye voisi kama kitu cha kuchekesha, kwamba kila boti ikipita ananyoosha kidole anasema "baa!" mpaka umjibu. Wallahi mie ningemtizama huyo kidole chake kabla ya miguu yake. Mtoto anayekuonyesha kitu keshafahamu kwamba wewe una macho yako na akili yako na anaweza kuvielekeza atakapo, na hapo ndipo maneno yanapoingilia. Wapo wanaotembea miezi 9 na hawaonyeshi kitu, na hao ndo mimi nikiwapata skuli nawaita wazee wao.

Hebu fanya hivi kesho. Chukua kijiko anachokipenda, mbele ya macho yake kifunike kwa kawa, kaa kimya. Wa miezi 5 mara nyingi hugeuka zake kama kwamba kijiko hakijapata kuwepo duniani. Wako atalivua kawa, nakuhakikishia, na akikikuta atacheka kama kafumania mwizi. Piaget, yule Mswisi, ndo aliyeyaandika haya kwa kuwatizama wanawe watatu mwenyewe nyumbani, akasema kama miezi 8 hivi ndo mtoto anajua kwamba kitu kilichofichwa bado kipo. Waliokuja nyuma yake wamesema mtoto anajua mapema zaidi ya hapo, ila mikono yake ndo haijaweza kutafuta. Kwa hiyo ule mchezo wa kujifunika uso kwa kanga ukafunua, usione upuuzi, ni darasa lile.

Na hapo hapo ndo jawabu la kilio chako cha pili, kwamba huwezi kwenda hata chooni. Shoga, analia kwa sababu keshajua kwamba ukiondoka bado upo mahali! Zamani ulikuwa ukitoka umekwisha, sasa yupo mama na hayupo hapa, na hajui utarudi lini. Hiyo huanza miezi 8 au 9 na huchachamaa mpaka mwaka na nusu, halafu hupungua wenyewe. Si kudeka. Kitu kimoja tu nakuomba, usitoroke. Najua mama mkwe anakwambia mchengee akigeuka uchupe mlango wa nyuma, lakini mtoto anayetorokwa hukaa macho mlangoni siku nzima. Muage, "mama anakwenda sokoni anarudi", alie kidogo, uende, urudi kweli.

Kuna mama mmoja mtaalamu, Mary Ainsworth, miaka ya 1954 na 1955 alikaa Uganda, vijiji vya karibu na Kampala, akiingia majumbani mwa watu miezi na miezi kutizama mama na watoto wao wanavyoishi, na elimu kubwa ya mapenzi ya mtoto na mama inayosomeshwa leo dunia nzima imeanzia hapo, si maabara ya Ulaya. Akaona mtoto anaondoka kwa mama, anakwenda kuchezea kitu, anageuka kumtizama mama kama yupo, anaendelea, akiogopa anarudi mbio kushika nguo. Na wale ambao mama zao wanawafahamu na kuwaitikia haraka hawakuwa waliaji kuliko wenzao, bali ndo waliothubutu kwenda mbali. Msomee mama mkwe hilo, kwa adabu lakini, usije ukanitia mie kwenye ugomvi.

Sasa la damu, na hapa nataka utulie, maana ndo sababu khasa ya barua yote hii. Umesema umemnunulia matone ya madini ya chuma duka la dawa ili miguu ipate nguvu. Usimpe kwanza. Mtoto anazaliwa na akiba ya chuma kwa mama yake na akiba hiyo inakwisha kama miezi 6, na maziwa ya mama mazuri kwa kila kitu lakini chuma yana kidogo, kwa hivyo toka hapo lazima chakula kilete. Na chuma si cha damu tu, ubongo unakitaka. Na hili limefanyiwa utafiti hapo hapo kwenu Pemba! Watoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 walipewa dawa ya chuma kila siku mwaka mzima, matokeo yakatoka 2001 kwenye jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, na kilichopanda ni maneno, watoto waliopewa chuma lugha yao ilisogea mbele, na miguu na viungo ilisaidika kwa wale tu ambao damu yao ilikuwa chini sana. Umeona, hata chuma chenyewe kimeanza na ulimi!

Lakini usikimbilie hayo matone, kwani kuna utafiti mwengine wa Pemba vile vile, mkubwa kuliko huo, watoto wadogo wakipewa chuma na foliki, ile vitamini ya kuongeza damu, wote tu bila kupimwa, na 2003 ikabidi wasimamishe, kwa sababu waliopewa walilazwa hospitali na kufa zaidi kuliko wasiopewa. Matokeo yalitangazwa 2006. Malaria ilikuwa kali wakati ule, na chuma kinachoingia kwa mtoto ambaye hakihitaji wakati malaria ipo ni hatari, ila waliokuwa na upungufu kweli walifaidika. Sasa hivi malaria imepungua sana visiwani alhamdulillah, lakini hukumu ni ile ile, apimwe kwanza. Nenda na kadi yake kituoni, mwambie nesi unataka HB, kile kipimo cha wingi wa damu, atatobolewa kidole atalia dakika mbili basi. Na uliza na minyoo, safura haijahama visiwani. Ikionekana damu ndogo watakupa dawa na kipimo chake, na utapewa siku ya kurudi.

Kwa upande wa chakula, maini kidogo yaliyopondwa, dagaa wakavu umsagie laini utie kwenye uji au wali bokoboko, yai, kunde, mchicha, na chungwa au embe pembeni maana linasaidia chuma kuingia. Na chai! Asya mie nakujua, kwenu mtoto akitoa jino anapewa chai na mkate wa kumimina. Chai inazuia chuma kisiingie. Mpe maji.

Kile kigari alichokileta mjomba wake kutoka Dubai, anachotiwa ndani akajisukuma kwa ncha za vidole, mpe mtu anikie nguo za mtoto. Canada wamekipiga marufuku kuuzwa toka 2004 kwa ajili ya kuanguka ngazini, na isitoshe hakifundishi kutembea, mtoto hajifunzi kujizuia asianguke kwa sababu kigari ndo kinachomzuia, na miguu yake mwenyewe haioni. Mwache chini, pekupeku, kwenye mkeka, mchanga, baraza, ashike tendegu la kitanda ainuke. Akisimama dede mwache ayumbe ayumbe, usimrukie. Akianguka kwa makalio hiyo ni nusu ya somo.

Na simu jamani. Baba Is-haka anasema katuni za Kiingereza zitampa Kiingereza. Hazimpi. Huko Seattle 2003 walichukua watoto wa miezi 9, mtu mzima akakaa nao chini akacheza nao na kuwasomea kwa Kichina, vikao 12, na wakazishika sauti za Kichina, wenzao wakaoneshwa mtu yule yule maneno yale yale kwenye televisheni, hawakushika kitu. Mtoto anajifunza lugha kwa mtu anayemtizama. WHO wenyewe wamesema 2019, chini ya mwaka hakuna skrini kabisa, mwaka mmoja bora asioneshwe, wa 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku. Ukimlisha zungumza nae tu, akisema "baa" nawe mwambie "eee boti hiyo, boti kubwa, inakwenda Mkoani", ukae kimya umpe nafasi ajibu. Hata kama anajibu upuuzi. Akifika miaka 2 anatakiwa awe anaunganisha maneno mawili, "baba keenda", "taka maji", na hayatoki kwengine ila kwenye mazungumzo haya haya ya jikoni.

Ya kuogopa ni haya: akifika mwaka na nusu na hatembei kabisa, mpeleke. Au mguu mmoja au mkono mmoja anautumia mwengine hautaki, au ukimsimamisha miguu inalegea kama uzi, au hageuki kwa sauti mpaka akuone, au kitu alichokuwa akikiweza sasa hakiwezi tena. Hili la mwisho halisubiri hata wiki, lolote liwalo. Mengine yote ya "mtoto wa fulani" yapite sikio hili yatoke lile.

Na jitayarishe, kwani akishatembea huyo ndo mwanzo wa mitihani, mwaka na nusu huo atajitupa chini sokoni mbele ya watu kwa sababu umemkatia ndizi na yeye aliitaka nzima. Huo si ukorofi, anajua anachokitaka na hana maneno ya kukisema wala breki za kujizuia. Huwa nawaona darasani hata wa miaka 4 bado breki hazijakaa sawa. Tutalizungumza likifika.

Sijakujibu lile la kuamka usiku kunyonya, niandikie kwanza anaamka mara ngapi na analala saa ngapi mchana, maana wa umri wake anataka saa 11 mpaka 14 kwa usiku na mchana pamoja na nahisi mchana anakuzidishia. Na HB ikitoka nitumie picha ya kadi.

Nimempa shangazi yangu mfuko, anakuja kwa harusi na boti ya Jumamosi, mtu aende bandarini ampokee. Ndani mna mpira wa kitambaa na makopo yanayoingiana, dogo ndani ya kubwa. Yale ni ya Is-haka, ayatie ayatoe mpaka achoke, usije ukayaona mazuri ukatilia bizari.

Wasalaam,
shoga yako wa Unguja