Kwa vijana mnaojitolea kutengeneza filamu na watoto wetu wa Iringa

Wanangu, kamwene.

Nawaona Jumamosi mkihangaika na watoto pale uwanjani, na nafurahi. Mimi nilifundisha sanaa za maonyesho tangu simu hazijawa na kamera. Sasa nimestaafu, ila mdomo wa mwalimu haustaafu, mtanivumilia.

Jambo langu ni moja. Mnawataka watoto wasimulie maisha yao wenyewe mbele ya kamera: aliyefiwa na mama aigize msiba wake, anayelelewa na bibi aeleze kwa nini. Nia yenu naijua, mnautaka ukweli. Lakini mchezo wa jukwaani ukiisha umeisha. Watu wanatawanyika, mtoto anarudi kucheza rede. Filamu inabaki kwenye simu za watu. Huyo binti wa darasa la tano akifika kidato cha tatu, kuna mwenzake ataifungua bwenini. Na mkoa wetu, pamoja na jirani zetu wa Njombe, ni kati ya mikoa yenye maambukizi makubwa ya VVU nchini. Mtoto akisema tu "mama aliugua sana", mnajua majirani watakavyomaliza sentensi.

Mambo yatoke kwa watoto, sawa, lakini mhusika apewe jina lingine na kijiji kingine. Ikibidi awe Fisi. Fisi aliyepora shamba la yatima atayasema yote, na hakuna atakayejua kisa kilitoka nyumba gani. Mtashangaa: mtoto aliyekuwa haongei kabisa, mvike ufisi, hamtamnyamazisha. Mwandishi wa tamthilia Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipoanzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996 kwa wasichana wa sekondari, waliwaacha wasichana wachambue matatizo yao kwa pamoja kwanza, ndipo wakayatungia mchezo. Msiiruke hatua hiyo ya kutunga kwa sababu kamera iko tayari.

Mtoto akilia kweli kwenye mazoezi, zimeni kamera. Nimewahi kumsikia kijana mmoja akisema, "Safi sana, rudia." Sitaki kulisikia tena. Na akiwaambia kuna mtu anamuumiza nyumbani, hapo hakuna filamu tena: nendeni kwa afisa ustawi wa jamii, au pigeni 116, namba ya simu ya kuwasaidia watoto, ni bure.

Kuhusu ruhusa, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na inampa haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Kwa hiyo sahihi ya mzazi peke yake haitoshi. Muulizeni mtoto kabla ya kurekodi, kisha muulizeni tena akishajiona kwenye filamu iliyohaririwa. Akisema toeni, toeni, hata kama ndicho kipande mnachokipenda kuliko vyote. Bibi asiyejua kusoma msimpelekee fomu aweke dole gumba mkaondoka. Kaeni naye, mwonyesheni kwenye simu video zinavyosambaa. Na wa kwanza kuitazama wawe watu wa mtaa, shuka jeupe ukutani linatosha, kabla haijaenda YouTube.

Mengine ni madogo. Kipupwe hiki upepo wetu unameza sauti, ombeni darasa. Uji unywewe kabla ya mazoezi, maana mwenye njaa hakariri. Giza liwakute watoto makwao. Nanyi mnaomaliza chuo na kuhama, waambieni sasa hivi ni lini mnaondoka. Wengine wao wameshazoea watu wanaopotea bila kuaga, na sipendi muwe miongoni mwa hao.

Nina sanduku la vitenge, vibuyu na barakoa tulizotumia shuleni. Barakoa ya Fisi imebaki sikio moja, lakini inavalika. Njooni wawili, sanduku ni zito.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Iringa