Bosavi si ndege na maporomoko tu

Mhariri,

Makala yenu kuhusu Steven Feld, mtaalamu wa ethnomuzikolojia (taaluma ya muziki katika utamaduni wa watu) aliyeishi na Wakaluli wa Bosavi, Papua Guinea Mpya, imenifurahisha, ila kwa mambo mawili. Kwanza, mwandishi anaisifu albamu ya 1991, Voices of the Rainforest, kwamba inatuletea msitu kama ulivyo. Hapo sikubaliani naye.

Albamu hiyo inakusanya mchana na usiku wa Bosavi katika muda wa kama saa moja: ndege wa alfajiri, wanawake wakiponda sago (wanga wa mti wa jamii ya mnazi) huku wakiimba, mvua ya jioni, ngoma. Eropleni za wamisionari na kelele za mashine hazimo. Feld aliziacha nje makusudi, wala hakulificha hilo. Mwaka uliofuata mafuta yalianza kusafirishwa kutoka Kutubu, si mbali na hapo, kwa hiyo hofu yake kwamba sauti za msitu zingepotea naielewa. Lakini msomaji alistahili kuambiwa.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba kiini cha utafiti wa Feld, yaani uhusiano wa nyimbo za Wakaluli na sauti za msitu, kimepitwa kwa sentensi mbili. Si kwamba Wakaluli "wanaiga" ndege, kama makala ilivyosema. Kwao ndege ni sauti za wafu wao, na Jubi, aliyekuwa akimfundisha Feld majina ya ndege, alichoshwa na maswali yake ya kuwapanga kwa aina: mgeni aliona ndege, yeye alisikia sauti msituni. Watunzi huueleza muziki wao kwa maneno ya maji. Sauti inayoshuka katika wimbo huitwa kama yanavyoitwa maporomoko. Maneno ya wimbo nayo hutaja vijito, vilima na njia kwa mpangilio wa safari, na msikilizaji hujikuta amefika pale alipokuwa akikaa na marehemu wake. Katika gisalo, sherehe ya zamani ya nyimbo na ngoma, aliyeguswa hivyo alilia kwa sauti, na yeye au jamaa zake waliinuka na mwenge kumchoma begani mcheza ngoma aliyeuimba wimbo huo, kwa kuwatia uchungu. (Nani kati yetu anayepanda jukwaani angekubali malipo hayo?)

Ndiyo maana mti ukikatwa pale, hapotei mnyama au kivuli peke yake. Mahali palipotajwa katika wimbo panaharibika, na wimbo unabaki ukimpeleka msikilizaji kusikokuwepo.

Hata hivyo Wakaluli hawakunyamaza. Mwaka 2001 Feld alitoa mkusanyiko wa CD tatu za muziki wa Bosavi, na ya kwanza kabisa ni ya bendi za vijana wenye magitaa na ukulele, waliokulia karibu na misheni na shule. Nyimbo zao nazo zinataja mahali. Mimi naona huo ni ushahidi mzito kuliko usafi wa albamu ya 1991, kwa sababu haumtaki Mkaluli abaki kama picha ukutani.

Mkirudi kwenye mada hii, nawaomba mwanze na CD hiyo ya magitaa.

Msomaji wenu