Mchoraji wenu atoboe kiini cha seli

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu seli niliisoma kwa furaha mpaka nilipofika kwenye mchoro. Kiini kimechorwa kama duara lililofungwa pande zote, na maelezo ya chini yanasema protini "husukumwa ndani kwa nishati". Nafundisha baiolojia sekondari, na duara hilohilo nimelichora ubaoni miaka tisa. Kisha mwanafunzi mmoja akaniuliza: "Mwalimu, kama protini hutengenezwa nje ya kiini, hizo zinazoviringwa na DNA ziliingia wapi?" Sikuwa na jibu. Nilimwomba anipe siku mbili, na tangu hapo jambo hili halijaniacha.

Utando wa kiini una matundu, maelfu kadhaa katika seli moja ya binadamu. Kila tundu limejengwa kwa aina zipatazo 30 za protini, na baadhi yake zimening'iniza nyuzi laini katikati ya njia. Molekuli ndogo hupenya humo zenyewe. Protini inayozidi kilodaltoni 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli) hukwama, isipokuwa ibebwe na impotini, yaani protini ya uchukuzi.

Impotini haibebi chochote kinachopita. Hutafuta alama, yaani kipande kifupi cha asidi amino kwenye mwili wa protini husika. Mwaka 1984 watafiti waliokuwa wakichunguza protini ya kirusi kiitwacho SV40 walibadilisha asidi amino moja, laisini, katika alama hiyo, na protini ikashindwa kuingia kiinini. Laisini moja tu! Darasani hapa huwa natulia kidogo, maana nataka wanafunzi waone uzito wake. Basi impotini huenda mbili pamoja: impotini alfa huishika alama, impotini beta humshika alfa, na beta ndiye anayepatana na zile nyuzi: hugusa, huachia, hugusa tena, mpaka watokee upande wa pili.

Sasa nije kwenye neno "husukumwa", ambalo ndilo lililonifanya niandike. Hakuna anayesukuma. Mzigo ukiwa tunduni waweza kwenda mbele au kurudi ulikotoka. Kinachoamua mwelekeo ni protini ndogo iitwayo Ran. Ndani ya kiini Ran huwa imeshika GTP, molekuli ndogo yenye nishati, kwa sababu protini inayoipatia GTP, RCC1, imejishikiza kwenye kromatini, penye DNA yenyewe. Nje ya kiini kuna protini nyingine inayoichochea Ran kuikata GTP iwe GDP. Impotini beta ikifika ndani hukutana na Ran yenye GTP, na kwa kushikwa nayo hulazimika kuuachia mzigo. Beta hurudi nje pamoja na Ran. Alfa naye hutolewa na protini iitwayo CAS, nayo pia ikiwa imeshikana na Ran. Huko nje GTP inakatwa, impotini zinakuwa huru, kazi inaanza upya.

Nishati inatumika, sikatai. Lakini hutumika kulinda tofauti hiyo kati ya ndani na nje. Msomaji aliyeambiwa kwamba mzigo unasukumwa hataielewa RCC1 wala hataona kwa nini ikae kwenye kromatini.

Na tusidhani ni habari za maabara tu. Virusi vya Ebola vina protini iitwayo VP24 inayokamata impotini alfa mahali ambapo STAT1, mjumbe wa kinga, alipaswa kushika. Intaferoni, protini inayotahadharisha seli kuhusu virusi, imekwisha kutoa tahadhari, STAT1 ameipokea, lakini anabaki nje ya kiini na jeni za kupambana na virusi haziamshwi inavyopasa. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza nilifunga kitabu nikakaa kimya kwa muda.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mkirudia mada hii, mchoraji aache mapengo kwenye lile duara na aweke mishale miwili, wa kuingia na wa kutoka. Na pale palipoandikwa "husukumwa", andikeni "hubebwa na impotini, kisha huachiwa ndani na Ran". Maneno hayo yanatosha chini ya mchoro mmoja. Nimeyapima kwa rula kwenye ukurasa wenu.

Wako,
Mwalimu wa baiolojia