Baba Mdogo, video haina sauti

Montreal, 9 Februari

Baba Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote hapo Pasua, Moshi. Mimi sijambo, ila baridi. Sitaieleza, maana mara ya mwisho nilipoieleza ulimwambia Mama kwamba natafuta huruma ili nitumiwe kahawa. (Kahawa itumeni tu.)

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi iliyopita nilianguka. Usishtuke, sikuvunjika. Nilikuwa natoka dukani na mfuko wa viazi, nikakanyaga ile barafu nyembamba isiyoonekana. Miguu ikatangulia nyumbani, mimi nikabaki hewani. Viazi vikateremka barabarani kimoja kimoja kama wanafunzi waliosikia kengele. Nikiwa chali pale, hata sijajua kama kiuno bado ni changu, nikaisikia sauti yako: "Na huyu abiria ameshuka kabla gari halijasimama!" Nikaangua kicheko peke yangu. Mzee mmoja aliyekuwa anakuja kuninyanyua akasita kwanza.

Maneno yale uliyasema kwenye ile kanda ya shangazi, ile aliyokuja nayo kutoka Nairobi, imeandikwa ubavuni kwa kalamu VICHEKESHO USIFUTE. Ndani mlikuwa na vipindi vitatu vya America's Funniest Home Videos, zile video za Wamarekani wakianguka na kuchekesha majumbani kwao, pamoja na matangazo yake yote ya sabuni, na mwishoni kipande cha harusi ya watu tusiowajua, waliofutiwa sherehe yao ili sisi tucheke. Deki ilikuwa yako. Uliileta Jumapili baada ya misa, umeiviringisha kwenye kitenge kama mtoto mchanga, na TV ilikuwa ile ya chogo ya Baba. Bibi alikuwa ameshuka kutoka Kibosho na ndizi zake. Dirishani walijaa watoto wa mtaa mzima, mpaka chumba kikawa giza mchana.

Akatokea mtangazaji wa kipindi, Bob Saget, mrefu, kavaa vizuri, mikono haitulii. Anasema neno, watu wanaitikia kwa kucheka. Bibi akauliza, "Huyu mchungaji anahubiri nini?" Ukamjibu bila hata kupepesa jicho: "Anasema sadaka ya wiki hii ni dola elfu kumi, apewe aliyeanguka vizuri kuliko wenzake." Na hukuwa mbali na ukweli, zawadi ya kwanza ya kila wiki ilikuwa dola 10,000 kweli. Bibi akafikiri kidogo. "Basi wanadaiwa na mimi. Nimeanguka shambani tangu ukoloni."

Ndipo ulipopunguza sauti ya TV mpaka mwisho ukaanza kutangaza mwenyewe. Tulidhani unafasiri. Miaka mingi baadaye ndiyo tukagundua hata wewe kile Kiingereza kilikuwa kinakupita. Bwana harusi aliyetumbukia kwenye bwawa akawa yule fundi cherehani wa Mbuyuni aliyekula fedha za sare za kwaya. Paka aliyekosea kuruka akapelekwa moja kwa moja kuwa baba mwenye nyumba anayedai kodi. Mtoto aliyezama kwenye keki ya siku yake ya kuzaliwa ulisema ni mimi, na nililia. Bado naona haikuwa haki.

Huku nimevitazama vipindi hivi mpaka nikawa kama mkaguzi. Kumbe Saget naye alikuwa anafanya kazi yako! Video ikianza, anaweka sauti yake juu yake, anamsemea mtoto, anamsemea mbwa. Yaani wewe ulimzima mwenzako ukakalia kiti chake. Kipindi hicho kilianza Novemba 1989 kama kipindi kimoja cha kujaribia, wazo limetoka Japani, na yeye akakiendesha hadi 1997. Tom Bergeron alikishika 2001 mpaka 2015, akamwachia Alfonso Ribeiro. Kwa ufundi, Bergeron ndiye bora, ana utulivu wa mtu anayejua chakula kiko jikoni. Ila nampenda Saget, alikuwa na sura ya kuyaonea aibu mizaha yake mwenyewe halafu anaisema hivyo hivyo. Alifariki Januari 2022, hotelini Orlando, akiwa katika ziara ya kuchekesha watu. Alikuwa na miaka 65. Habari ilinikuta zamu ya usiku, nikajificha stoo ya mashuka nikalia kidogo. Namlilia mtu ambaye utoto wangu wote karibu sikuisikia sauti yake, kwa kuwa wewe ulikuwa umeipunguza!

Uingereza walikuwa na chao, You've Been Framed!, kilichoanza 1990 na Jeremy Beadle, mwenye ndevu. Mwenye video yake ikionyeshwa alilipwa pauni 250. Lakini ninayetaka umjue ni Harry Hill. Alianza 2004, na yeye haonekani kabisa, ni sauti tupu. Anawapa watu asiowajua majina, anawapa ugomvi na jirani, anawapa historia. Mara ya kwanza kumsikia nilisimamisha video, nikamwambia ninayeishi naye, huyu ni baba yangu mdogo, sema alizaliwa kwingine.

Sasa hili la basi sijawahi kulisema. Unakumbuka tulipokwenda Dar kufuatilia viza yangu? Tulipopita Same konda akaweka Gags, zile za watu kutegewa mizaha barabarani. Hazina mtangazaji wala neno lolote, ni muziki na vicheko, ndiyo maana zinakwenda kila nchi na mpaka kwenye ndege, hakuna cha kufasiri. Wewe ukaanza kazi yako. Siti tatu za nyuma yetu walikuwa wanacheka kwa maneno yako kuliko kwa picha. Karibu na Mombo konda akasema, "Mzee, tuachie tusikilize." Wasikilize nini, jamani, na kitu hakisemi? Ukanyamaza. Korogwe tulishuka kula, ukasema huna njaa. Nilitaka kumjibu yule konda, nikakosa ujasiri, na imenikaa mpaka leo.

Nakuambia kwa sababu zile Gags zilianza kutengenezwa hapa hapa Quebec mwaka 2000, na nyingi zimepigwa kwenye mitaa ya jiji hili ninayopita kwenda kazini. Bibi mmoja ninayemhudumia anasema aliwahi kunaswa nazo: askari wa uongo alimpa mbwa amshikie, kisha mbwa akabadilika kuwa mkubwa mara tatu. Alipoambiwa ni mzaha alikasirika, akasaini karatasi ya ruhusa, akarudi kesho yake palepale akitumaini watamtega tena.

Dada ameniambia kwamba tangu Mama Mdogo atutoke unawasha TV unakaa kimya nayo mpaka wanalala. Ananiambia pia watoto kila mmoja ana simu yake na kichekesho chake, hakuna anayekuomba utangaze. Sikumjibu siku hiyo. Nilikuwa sina cha kukutumia.

Sasa ninacho. Jumatatu nilirudi pale dukani kuuliza kama kamera ya mlangoni ilininasa. Mwenye duka akaitafuta, akaiona, akaegemea kaunta akicheka mpaka akaniomba radhi, kisha akanitumia. Ni sekunde kumi na moja, ya rangi hafifu, haina sauti kabisa. Mwenyewe sijaweka muziki wala maneno, nimeiacha tupu.

Nimemtumia mtoto wa Dada. Nimemwelekeza Jumapili baada ya misa aiunganishe kwenye TV kubwa, aite watu, simu zote zikae kwenye beseni. Atakurekodi ukitangaza na kunirushia. Ukitaka irudiwe mara kumi, airudie. Safari hii una ruhusa yangu kusema ni mimi.

Viazi vilikuwa tisa. Niliokota saba. Wawili wale wanaonekana mwishoni wakikata kona pamoja kuelekea bondeni, na sijui walikuwa wanakwenda wapi. Utasema wewe.

Aika mbe.

Binti yako